Tovuti ya Bahari Kutoka Chekalini? Ndiyo, Lakini Ianzie Mtoni Kwetu

Kuna madogo wanne hapa Chekalini wanaojenga tovuti kuhusu afya ya bahari. Wamemaliza Fomu Foo, kazi bado hawajapata, wana laptopu moja ya kuazima, na kabla ya hii hawajawahi kutengeneza tovuti hata ya kinyozi. Walipotangaza mpango wao kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, walichekwa vibaya. "Lugari na bahari, wapi na wapi?" "Andikeni kuhusu viwavi kwa mahindi, hicho ndicho mnajua." "Hata kuogelea hamjui, na mnataka kuokoa papa!"

Mimi niko upande wa madogo. Lakini nimesoma kurasa zote tano walizoweka, na hata wao nina maneno nao. Leo kila mtu atapata lake, na hakuna kununa.

Tuanze na wanaocheka.

Mvua ikinyesha hapa kwetu, yale maji mekundu yanayopita nyuma ya soko yakiwa yamebeba chupa, maganda na nusu ya shamba la jirani huwa yanaenda wapi? Yanashuka kwenye vijito, vijito vinaingia Kipkaren na Nzoia, na Kipkaren wenyewe mwisho wake ni Nzoia. Nzoia unapita Webuye, unapita Mumias, unafika Budalangi na kujimwaga Ziwa Victoria. Ziwa nalo linatoka pale Jinja likiwa Mto Naili, unaokwenda kaskazini kupitia Uganda, Sudan Kusini, Sudan na Misri hadi Bahari ya Mediterania. Hiyo safari tulifundishwa shule ya msingi. Tukaichora kwa kalamu ya bluu, tukapata alama zetu, tukaisahau.

Najua mjuaji mmoja ameshashika simu aandike: "Chupa ya Chekalini haiwezi kufika Misri." Uko sawa, na sitadanganya mtu hapa. Nyingi zitakwama kwenye matete, kwenye mabwawa, kwenye vinamasi vya Sudan Kusini. Lakini hilo halikusaidii wewe. Maana yake ni kwamba uchafu wetu unabaki karibu na sisi, mtoni na ziwani, huko huko inakotoka omena unayopimiwa kwa gorogoro kila siku ya soko.

Na plastiki ndiyo rahisi kuona. Kibaya zaidi ni kile kisichoonekana. Sisi ni watu wa mahindi na miwa. Tunapanda kwa mbolea, tunaongeza nyingine mahindi yakifika magotini, halafu mvua ya Aprili na Mei inashuka na kubeba sehemu ya hiyo mbolea pamoja na udongo wa juu, ule mzuri wenyewe. Mbolea ikifika ziwani haiachi kuwa mbolea. Inalisha gugu maji na ule ukungu wa kijani unaofunika maji. Mimea hiyo ikifa na kuoza inatumia hewa iliyo majini, na samaki wanakosa pumzi. Mmeona picha za Kisumu, boti zimenaswa kwenye zulia la kijani? Sehemu ya chakula cha lile gugu ililipiwa na mkulima wa huku juu, kwa bei ya mfuko wa mbolea mnayoilalamikia kila mwaka. Na kila Budalangi ikifurika ikaonyeshwa kwenye taarifa ya saa moja, yale maji ya rangi ya udongo si ya Budalangi. Ni mashamba ya watu wa juu yaliyohama.

Kwa hiyo swali la "bahari inatuhusu nini" linaulizwa vibaya. Sisi ndio mwanzo wa bomba.

Mnataka mfano wa Bahari ya Hindi kabisa, si wa ziwa? Upo. Mto Athi unaanzia pande za Nairobi. Ukishuka unaitwa Galana, ukishuka zaidi unaitwa Sabaki, na unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Wakati wa mvua bahari ya huko inageuka rangi ya chai ya maziwa kwa sababu ya udongo uliotoka bara. Malindi ina hifadhi ya bahari tangu 1968, na ndani yake kuna matumbawe. Matumbawe ni viumbe hai, na mengi yanaishi kwa kushirikiana na mwani mdogo unaohitaji jua. Udongo ukiyafunika, yanakosa mwanga na yanasongwa. Mtu aliyelima kwenye mteremko bila matuta, mamia ya kilomita kutoka ufuoni, amechangia kuharibu mahali samaki wanapozaliana, na huenda hajawahi kuona bahari hata kwa likizo.

Na bahari nayo inaturudishia. Joto la ziada ambalo dunia imekusanya kwa sababu ya moshi na gesi zetu, zaidi ya asilimia 90 limemezwa na bahari. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Mwisho wa 2019 upande wa magharibi wa bahari hiyo ulipata joto kuliko kawaida, na Afrika Mashariki ikapigwa na mvua kubwa na mafuriko, Oktoba mpaka Desemba. Oktoba mpaka Desemba hapa Lugari tunafanya nini? Tunavuna. Tunaanika. Wewe uliyekuwa ukikimbia na turubai kufunika mahindi ndiye unayeuliza bahari inakuhusu nini?

Hiyo inatosha kwa wanaocheka. Sasa nyinyi madogo, sogeeni karibu.

Wazo lenu ni zuri. Tovuti yenu ni mbaya.

Nimefungua ukurasa wa kwanza, nimekutana na kasa wa Australia. Ukurasa wa pili, kisiwa cha takataka cha Bahari ya Pasifiki. Wa tatu, dubu. Dubu, jamani! Wa nne una takwimu nane, na hakuna hata moja inayosema nani alipima, wapi, mwaka gani. Wa tano unasema tubadilishe dunia pamoja. Zote kwa Kiingereza, na si Kiingereza chenu. Mimi nawajua mnavyoongea. Hicho ni Kiingereza cha kunakili.

Tena picha ya kwanza peke yake ina ukubwa wa megabaiti 4. Ukurasa wa maneno matupu ulioandikwa kwa HTML ya kawaida unaweza kuwa kilobaiti 20. Pigeni hesabu: hiyo picha moja ni sawa na kurasa 200 za maneno. Mvuvi wa Vanga mwenye bando la shilingi 20 atangoja kasa wenu afunguke mpaka bando liishe. Mtakuwa mmemwibia pesa, na hajasoma kitu.

Nilipowauliza kwa nini iko hivyo, waliniambia kuna mshauri wa miradi, simtaji, aliyewaambia bila Kiingereza hakuna mfadhili atakayewaangalia, na kwamba picha lazima zivutie watu wa nje. Huyo mshauri ndiye ninayegombana naye kweli leo. Wanaocheka kwenye grupu wanakosea kwa kutojua. Yeye anajua anachofanya.

Angalieni alichowafanyia. Amechukua vijana wanaokaa mahali shida inapoanzia, akawageuza wasemaji wa mahali wasipopajua, kwa lugha ya watu wasiovua, ili wasomwe na watu wasiotupa takataka kwenye Nzoia. Tovuti ya kuhamasisha ambayo mhusika hawezi kuisoma inamhamasisha nani? Ni barua ya kuomba pesa iliyovaa nguo za bahari.

Nitampa haki yake, maana hoja yake ina uzito. Pesa nyingi za mazingira zinaongea Kiingereza. Fomu za maombi ziko kwa Kiingereza. Dogo asiye na kazi akipata hata ruzuku ndogo atalipia intaneti na anwani ya tovuti, na nyumbani watu watakula. Sijakataa. Basi wekeni ukurasa mmoja wa Kiingereza unaoeleza mnafanya nini, mfadhili akija aukute. Lakini huo uwe dirisha, usiwe nyumba. Maana mfadhili huondoka. Akiondoka, tovuti iliyojengwa kwa ajili yake inabaki bila msomaji hata mmoja. Mwaka unaofuata hakuna wa kulipia anwani, na inazimika bila mtu kugundua. Tovuti inayosomwa na wenyewe ikizimika, mtu atapiga simu kuuliza kulikoni.

Halafu kuna ule uongo kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya. Kwani mwalimu wenu alikuwa nani? Kiswahili ni lugha ya pwani, ilizaliwa ikiwa na miguu ndani ya maji. Ina kusi na kaskazi, ina bamvua, ina mikoko, matumbawe, kasa, nguva, pweza, changu, tafi. Ina juya, ule wavu unaokokotwa na kubeba hadi vifaranga vya samaki. Mzee wa Gazi au Shimoni akisema tafi wamepungua tangu kusi la mwaka fulani, hiyo ni habari kamili. Ukiiandika kwa Kiswahili inasomeka kutoka Lamu mpaka Kilwa, Pemba na Unguja, na inasomeka Budalangi na Chekalini pia. Kuna lugha gani nyingine itawafikishia hao wote kwa bando moja?

Tazameni waliofanikiwa kusikika. Huko Lamu, fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake walikusanya takataka za plastiki, wakaziyeyusha, wakaunda jahazi zima, halafu wakalifunika kwa vipande vya ndara zilizotupwa, kama 30,000 hivi. Wakaliita Flipflopi. Mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, na 2021 likaletwa Ziwa Victoria. Hawakuanza na kasa wa Australia. Walianza na ndara, kitu ambacho kila mtu amewahi kukivaa na kukitupa, na wakatumia ufundi walionao. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanalinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo, kazi waliyoianza 2013, na pesa zikasaidia maji na shule. Kuruwitu, Kilifi, katikati ya miaka ya 2000 wavuvi walikubaliana kufunga kipande cha bahari yao wenyewe pasivuliwe, na samaki wakarudi. Wote hao walianzia mlangoni pao.

Kuna hoja moja imebaki, ya wasomi: mambo ya bahari waachiwe wanasayansi, tuna taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, wao ndio wanajua, wanaoanza watapotosha. Nakubali nusu. KMFRI wanapima, wana maabara, na madogo wasijifanye wana maabara. Lakini ripoti ya kurasa 80 haimfikii mama anayeuza omena pale stendi. Lazima mtu aibebe, aipunguze, aiweke kwa maneno ya mtu. Anayeanza anafaa kwa hiyo kazi kuliko profesa, kwa sababu bado anakumbuka kile ambacho mtu haelewi. Sharti ni moja tu: kila namba iwe na mwaka wake na aliyeipima. Usipojua, usiiandike.

Na kabla hujaandika kwamba mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, nakuokolea muda: ndiyo, niliacha. Hoja iko hapo juu. Ijibu hiyo.

Sasa madogo, hiki ndicho ningetaka nione mkifungua tena hiyo tovuti.

Moja, futeni dubu. Ukurasa wa kwanza uwe na ramani mliyoichora wenyewe: Chekalini, kijito, Kipkaren, Nzoia, Budalangi, ziwa, Jinja, Naili, Mediterania. Kila kituo na sentensi mbili za kinachotokea hapo.

Mbili, kila Jumamosi mmoja wenu asimame darajani, mahali pale pale, saa ile ile, apige picha moja ya mto kwa simu. Aandike rangi ya maji, kama mvua ilinyesha, na idadi ya chupa na mifuko aliyoona katika dakika kumi. Basi. Baada ya mwaka mtakuwa na picha 52 na daftari ambalo huwezi kulipata popote pengine. Mifuko mtaiona, msijali. Marufuku ilianza tarehe 28 Agosti 2017, faini ni mpaka shilingi milioni 4 au jela mpaka miaka 4. Hesabuni mliyoiona, andikeni, wasomaji wataunganisha wenyewe.

Tatu, semeni jambo ambalo msomaji anaweza kulifanya wiki hii. Kanuni zetu za maji zinataka ukanda wa angalau mita 6 kando ya mto uachwe bila kulimwa. Sisi tunalima mpaka jembe linagusa maji, halafu tunapanda mikaratusi pale ukingoni. Andikeni hilo mwezi wa Machi, kabla watu hawajapanda, wala si kwenye siku ya bahari duniani wakati mbolea imeshaenda. Elezeni kwamba mbolea ikiwekwa wakati wingu limefunga inaishia mtoni, na hiyo ni pesa ya mkulima. Hapo atawasikiliza. Mtu atawajali samaki wa Budalangi akishajua kwamba hasara ni yake pia.

Nne, tafuteni watu wa chini ya mto. Pale Budalangi na Port Victoria kuna vikundi vya wavuvi, BMU, vyenye viongozi na simu. Pigeni. Waulizeni maji yanafika yakiwaje mvua ikianza, nyavu zinatoka na nini. Wekeni majibu yao kama walivyosema. Mkulima wa Chekalini na mvuvi wa Budalangi hawajawahi kuongea, na mmoja anamharibia mwenzake kazi kila msimu. Mkiwakutanisha hata kwa ukurasa mmoja, mtakuwa mmefanya kitu ambacho mashirika mengi yenye magari makubwa hayajafanya. Baadaye mkishazoea, tafuteni wenzenu wa Malindi, mlinganishe Nzoia na Sabaki. Hapo ndipo bahari itaingia kwenye tovuti yenu kwa haki yake.

Tano, ifanyeni nyepesi. Picha zipunguzwe mpaka chini ya kilobaiti 100. Maandishi makubwa yasomeke kwa simu ndogo kwenye jua. Chini ya kila picha andikeni maneno yanayoieleza, ili asiyeona vizuri au asiye na bando la picha asikose kitu. Msihangaike na vitu vinavyorukaruka. HTML ya kawaida na ukweli vinatosha kuanzia.

Mtaniambia huu ni mto, si bahari, na nyinyi mlitaka bahari. Sawa. Lakini maji ya mto hubeba ya mtoni. Bahari nyingi zinaumwa kwa vitu vilivyotoka nchi kavu, na wanaokaa ufuoni wanaona tu mwisho wa hadithi. Sisi tunaona mwanzo. Kama hatuusemi sisi, nani atausema?

Kwa wale wa grupu: mkimaliza kucheka, mmoja wenu ana fundi wa kompyuta kwenye ukoo, mwingine ana simu yenye kamera nzuri, na mwingine shamba lake linagusa mto. Madogo wanahitaji wote watatu. Kwa mshauri: peleka kasa wako Australia. Na nyinyi wanne, Jumamosi hii mvua imetabiriwa. Mmoja aende darajani asubuhi na simu iliyojaa chaji. Nikifungua tovuti Jumapili nione maji yetu yana rangi gani.